Kamera Iliyokuja Kijijini na Chaki

Saa kumi na nusu jioni, mabasi ya watumishi yanapoanza kutoka Mji wa Serikali kurudi Dodoma mjini, Mtumba huonyesha sura zake mbili kwa mpigo. Upande mmoja wa lami kuna wizara, vioo vinavyomulika jua la magharibi, bendera na bustani zinazomwagiliwa maji kiangazi chote. Upande wa pili kuna ng'ombe wanaorudishwa zizini, vumbi linalowafuata, na bibi mwenye fimbo anayewaamkia vijana wa bodaboda "mbukwenyi", nao wanamwitikia nusu Kigogo, nusu Kiswahili, jicho likiwa kwa abiria. Kutoka hapa hadi katikati ya jiji ni kilomita zipatazo 17. Mji wa Serikali ulizinduliwa Aprili 2019, na tangu hapo watu wa pande hizi wamepata mambo ya kusimulia ambayo babu zao hawakuyaota: ardhi iliyokuwa ya uwele na sasa inauzwa kwa mita za mraba, ndugu wasiosalimiana kwa sababu ya kiwanja, binti anayepika chai ofisini mahali alipokuwa akichunga mbuzi. Ni utajiri wa kumtosha mwongozaji wa filamu kwa miaka 10. Lakini nitajie filamu moja ya Kitanzania ambamo bibi yule yumo kama mtu kamili, asiye mgonjwa wa kuelimishwa, wala mchawi, wala mshamba wa kuchekesha, wala shuhuda wa mafanikio ya mradi. Utakaa kimya kidogo kabla ya kujibu.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba watengeneza filamu wetu wamekipa kijiji kisogo kwa kuwa wanaishi Dar es Salaam na wanapenda magari na majumba ya Mbezi. Naona maelezo hayo yanakosea tangu mwanzo. Kijiji kimekuwemo kwenye filamu za nchi hii tangu siku ya kwanza, na pengine hakuna mahali palipopigwa picha mapema zaidi kwa hadithi za kubuni. Tatizo ni namna kilivyoingizwa. Kamera ilikuja kijijini na chaki mkononi, ikakiketisha kijiji kwenye dawati la mbele, na kwa miaka karibu 90 imebadilisha mwalimu tu bila kubadilisha mpango wa darasa.

Tuanzie Vugiri, kwenye milima ya Usambara, mwaka 1935. Huko Waingereza walifungua mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa ufupi BEKE, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani na chini ya mwavuli wa baraza la kimataifa la wamisionari. Kazi ya kamera ilikuwa ya Meja L. A. Notcutt, mtu aliyepata kusimamia mashamba ya mkonge na kuona kwamba sinema ingeweza kuwafanya vibarua watulie. Mpaka mradi unafungwa mwaka 1937, zilikuwa zimetengenezwa filamu zipatazo 35. Ukisoma orodha yake unakuta minyoo ya safura, malaria ya watoto wachanga, mmomonyoko wa udongo, kodi na akiba ya posta. Zipo na za hadithi, mojawapo inaitwa "Gumu", ya kijana anayetoka shamba na kuharibikiwa mjini. Lakini kinachonivutia zaidi ya orodha ni mitambo yenyewe. Filamu zilikuwa bubu, na sauti ilikaa kando, kwenye sahani za santuri. Lori lilifika kijijini, kitambaa cheupe kikatundikwa, na mtu wa mashine akachagua sahani ya lugha ya mahali pale na kuiweka kwenye gramafoni. Picha ni ileile, sahani ni nyingi. Mkulima anayeonekana kwenye kitambaa anafumbua mdomo, na maneno yanayotoka yaliandikwa ofisini, yakasomwa na mtu mwingine, yakachaguliwa na mwenye lori. Sahani ikichelewa kidogo, mkulima alishafunga mdomo na bado anaendelea kusema.

Sahani zile zilishapotea zamani, ila utaratibu wake haukupotea. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika, ikishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini, ilitoa filamu za Kiswahili, na iliyobaki midomoni mwa wazee ni "Muhogo Mchungu" ya mwaka 1952. Ni kisa cha mtu wa shamba anayefika Dar es Salaam na kukutana na mji uliokuwa ukimsubiri kwa meno. Muhogo mwenyewe aliigizwa na kijana wa Songea, mtumishi wa serikali, jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Hapa historia ilifanya utani ambao mwandishi wa skripti asingethubutu. Mwanakijiji wa kwanza maarufu wa sinema ya Kiswahili, yule anayeonyeshwa kwamba mjini si mahali pake, alikuja kuwa Waziri Mkuu, na ni yeye aliyekuwa kwenye kiti hicho kati ya 1972 na 1977, miaka ambayo mamilioni ya wakulima walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa kwa operesheni za serikali, na ambayo TANU iliamua, mwaka 1973, kwamba makao makuu yaje hapa Dodoma. Sidai kwamba filamu ilimfundisha siasa. Nasema tu kwamba wazo lililokuwa nyuma ya filamu ile, la mwanakijiji anayepaswa kuwekwa mahali panapomfaa kwa faida yake mwenyewe, lilivuka uhuru bila kuonyesha pasipoti.

Baada ya uhuru mwalimu alikuwa mwenzetu, na hilo si jambo dogo. Tanzania Film Company iliundwa mwaka 1968, na mwaka 1974 ikafuata taasisi ya filamu za elimu iliyoanzishwa kwa msaada wa Denmark. Filamu ya hadithi iliyojulikana zaidi ya muongo ule ni "Fimbo ya Mnyonge", inayomfuata mtu maskini aliyechoka kunyonywa kijijini, akahangaika mjini, kisha akapata unafuu katika kijiji cha ujamaa. Ukiiweka kando ya "Muhogo Mchungu" unaona njia ileile inayokwenda mjini na kurudi, ila safari hii kuna chama kinachompokea msafiri. Watu wa Ugogo wangeweza kuongeza neno hapo. Mkoa huu ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kuhamishwa kwa operesheni, mwaka 1971, baada ya ukame. Chamwino, si mbali na hapa, ndipo Mwalimu Nyerere alipofyatua matofali pamoja na wanakijiji, na picha za kazi ile zilisambaa. Kilichokosa kupigwa picha ni upande wa pili: nyumba ya tembe inavyoachwa. Tembe ni nyumba ndefu ya paa bapa la udongo, chini kiasi cha kumfanya mgeni ainame, yenye ua katikati ambamo mifugo hulala chini ya jicho la mwenye nyumba. Kuhama kutoka tembe kwenda kwenye nyumba za matofali zilizopangwa mstari ni kubadilisha nani analala karibu na nani, nani anasikia ng'ombe akikohoa usiku, mkwe anapita mlango gani. Hiyo ni sinema tupu. Haikutengenezwa kwa sababu haikuwa na somo, au tuseme ilikuwa na somo ambalo mwenye projekta hakulitaka.

Katikati ya miaka ya 1980 walitokea watu waliojaribu kuligeuza darasa. Nangayoma Ng'oge na Mmarekani Ron Mulvihill walitoa "Arusi ya Mariamu" mwaka 1985, filamu ya dakika 36 kuhusu mwanamke mgonjwa anayewaogopa waganga wa jadi, na ambaye uponyaji wake unapitia hapohapo anapopaogopa. Martin Mhando, aliyepikwa na Tanzania Film Company, aliyefundisha sinema chuo kikuu Australia na kwa miaka mingi akaliongoza Tamasha la Filamu la Zanzibar, alishirikiana na huyohuyo Mulvihill kutengeneza "Maangamizi" ya mwaka 2001. Humo Amandina Lihamba ni Samehe, mwanamke aliyefungwa na ukimya katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Daktari mwenye asili ya Afrika anakuja kutoka Marekani kumtibu, na wote wawili wanajikuta chini ya uongozi wa Bibi, mzee asiye wa dunia hii pekee. Ndiyo filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kushindania Oscar ya lugha za kigeni. Naiheshimu, na wanaoiona ngumu nawaelewa. Tazama lakini kilichotokea ndani yake: Bibi wa kijijini, aliyekuwa akifundishwa kuchemsha maji tangu enzi za Notcutt, sasa ndiye anayefundisha, na mwanafunzi ni daktari. Mapinduzi hayo yalihitajika. Hata hivyo bado tuko darasani. Bibi amepewa chaki, hajapewa ruhusa ya kuwa na wivu, ya kukopa na kutolipa, ya kumchukia jirani bila sababu ya maana.

Soko la video lililozuka miaka ya 2000, hizi tunazoziita Bongo Movie, lilikuwa na nafasi ya kuvunja utaratibu kwa kuwa halikumtegemea mfadhili wala chama. Lilitegemea watu wa kununua kanda na baadaye diski, pamoja na vibanda umiza. Lilifanya nini? Likamrudisha Muhogo Mchungu. Kijiji kikawa mahali anapotoka housigeli, mahali uchawi unapotumwa, mahali tajiri anapokwenda kufa. Katika vichekesho mzee King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, alikuwa na kipaji cha kumfanya mtu wa kawaida aonekane mjanja kuliko wote chumbani, na mara nyingine alichezea ushamba kama silaha. Ila hadithi zenyewe zilimhitaji kama kicheko. Lugha yetu inasaidia uovu huo. Anayelima ni mkulima, lakini anayetoka shamba ni mshamba, na neno hilo hatulitamki ila tunapotaka kumpunguza mtu.

Kuona kwamba mambo yangeweza kwenda njia nyingine, itubidi tuvuke bahari. Kusini mwa India, katika nchi ya Watamil, filamu nyingi za kijiji mpaka miaka ya 1970 zilitengenezwa ndani ya studio za Madras, siku hizi Chennai: kisima cha mbao, mti wa karatasi, nyota aliyepakwa poda akisema maneno ya jukwaani. Septemba 1977 ilitoka filamu iitwayo "16 Vayathinile", maana yake "Akiwa na Miaka 16". Mwongozaji alikuwa Bharathiraja, mzaliwa wa Alli Nagaram huko Theni, chini ya milima ya magharibi, na hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Aliitoa kamera studio, akaipeleka kwenye vumbi lenyewe na kwenye jua lisilopangwa na fundi umeme. Kabla ya sinema alipata kufanya kazi katika idara ya afya. Yaani alikuwa bwana afya, mtu wa kupita vijijini na kuwaambia watu wafanye nini, mtu yuleyule ambaye Notcutt angemkabidhi lori na sahani. Akili yangu hurudi kwenye jambo hili mara kwa mara, kwa sababu alipopata kamera alifanya kinyume cha kazi ile.

Hadithi ni nyepesi kuisimulia. Msichana Mayil, aliyeigizwa na Sridevi, amesoma na anataka kuwa mwalimu. Kijijini yupo Chappani, yatima mwenye mguu mbovu, anayetumwa na kila mtu na kuchekwa na kila mtu. Ni Kamal Haasan huyo, kijana mtanashati aliyekubali kutafuna majani ya tambuu na kuvaa matambara. Yupo pia mhuni wa kijiji, Rajinikanth, kabla hajawa Rajinikanth wa mabango. Halafu anakuja daktari wa mifugo kutoka mjini, msafi, mwenye maneno mazuri, na Mayil anaona ndoto yake imepata miguu. Ukiiandika filamu hiyo kwa utaratibu wa Vugiri, daktari wa mifugo ataleta chanjo, kijiji kitapinga kwa ujinga, ng'ombe watakufa, kijiji kitatubu. Kwa Bharathiraja daktari ni mwongo, anayemchezea binti na kuondoka. Wala kijiji hakiwi kitakatifu kwa sababu hiyo: mhuni ni wa hapohapo, wanaomsengenya Mayil mpaka mama yake anavunjika moyo ni wa hapohapo, na Chappani mwenyewe anaishia kuua. Hakuna anayemfundisha mwenzake kitu. Watu wanatakiana, wanaoneana aibu, wanalipizana. Mtazamaji anatoka akiwa amewafahamu, na kama kuna somo atalitafuta mwenyewe nyumbani.

Bharathiraja aliendelea hivyo kwa miaka mingi, si kila mara kwa mafanikio, na mara nyingine kwa kujirudia. Mwaka 1985, katika "Mudhal Mariyathai", alimchukua Sivaji Ganesan, mfalme wa sauti kubwa na machozi ya jukwaani, akamfanya mzee wa kijiji aliyekaa kwenye ndoa chungu na kuanza, uzeeni, kumwelekea mwanamke mvushaji wa mtoni. Filamu nzima inasimama juu ya mtu mzima anayeona haya. Jaribu kuiombea fedha kwenye fomu ya mradi, pale panapoandikwa "ujumbe mkuu".

Siri yake nyingine ilikuwa masikioni. Wahusika walizungumza Kitamil cha kwao, chenye lafudhi ya Madurai na vijiji vyake, na muziki ukatoka kwa Ilaiyaraaja, mwana wa Pannaipuram katika eneo lilelile, aliyekulia katika kikundi cha nyimbo cha kaka zake kilichozunguka vijijini, na aliyeingia kwenye filamu mwaka 1976. Kijiji kikaonekana, na kikasikika. Sisi tulikuwa na nini? Tulikuwa na Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa huu, aliyechukua zeze na ilimba na sauti nyingi zinazopandana za Ugogo, akazipeleka kwenye kikundi cha taifa, kisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kisha kwenye studio za Real World za Peter Gabriel huko Uingereza. Watu wa Ulaya walizisikia kwenye santuri zilizosifiwa. Alifariki Desemba 2003, mwaka uleule ambao soko la video lilikuwa linaanza kuchangamka Dar es Salaam, na filamu za soko hilo zikajazwa vinanda vya kompyuta vilivyofanana kama sare za shule. Wanawake wa Kigogo bado wanazipiga ngoma za muheme, na kila mwaka Chamwino kuna tamasha la muziki wa Wagogo. Fundi sauti wa filamu hana haja ya kupanda ndege.

Najua pingamizi la kwanza litatoka wapi: lugha. Nchi hii imejengwa kwa Kiswahili, utangazaji wake unakwenda kwa Kiswahili na Kiingereza, na mtu akianza kudai filamu za Kigogo, kesho atatokea wa Kisukuma, keshokutwa tunahesabiana makabila. Hofu hiyo siidharau, maana tunaona majirani. Lakini mfano wa Theni haudai lugha nyingine. Wahusika wa Bharathiraja walisema Kitamil, lugha ya jimbo zima, ila kilikuwa Kitamil chenye udongo. Kiswahili cha Mtumba nacho kipo. Kina mapigo yake, kina salamu za Kigogo zilizopenyezwa, kina namna ya mzee kuzunguka jambo mara tatu kabla ya kulitaja. Kwenye filamu zetu mzee huyo anasema kama mtangazaji wa taarifa ya habari aliyevikwa shuka. Ile ni sahani ya santuri, imehamia kinywani mwa mwigizaji.

La pili ni fedha. Watamil ni makumi ya mamilioni na walikuwa na kumbi za sinema hadi miji midogo, wakati kwetu mwenye hadithi ya kijiji anapata fedha kwa shirika au wizara yenye jambo la kusema, na anayelipa mpiga zumari huchagua wimbo. Ni kweli, na sitawalaumu waliokubali. Filamu kama "Chumo" ya mwaka 2011, ya mapenzi ya pwani yenye malaria ndani yake, au "Fatuma" ya 2018, inayomfuata mwanamke mkulima, zimetengenezwa kwa ustadi kuliko sehemu kubwa ya kilichokuwa sokoni, na zimewapa waigizaji wetu uso wa kutazamwa kwa utulivu. Lakini tukumbuke kwamba hata "16 Vayathinile" ilianza kama wazo la filamu ndogo isiyo na rangi, iliyotegemea mfuko wa serikali, na mfuko ukakataa. Ilipata mtayarishaji binafsi baadaye. Leo kamera inayotosha iko mfukoni mwa kijana wa bodaboda. Jua la Dodoma halitozi kodi ya studio.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko hayo mawili. Watasema kwamba somo limeokoa watoto, kwamba mama aliyeona filamu ya malaria akatundika chandarua hana muda na falsafa ya mwandishi wa makala. Nakubali. Bharathiraja mwenyewe mwaka 1994 alitengeneza "Karuththamma", filamu inayopiga kelele waziwazi dhidi ya kuuawa kwa watoto wachanga wa kike, na ikapewa tuzo ya taifa katika kundi la ustawi wa familia. Hiyo ni chaki, hakuna jina lingine. Tofauti ni kwamba alikuwa amekaa na kijiji kwenye sinema kwa miaka 17 kabla ya kukikemea, na watazamaji walijua anakemea watu wake. Anayeingia mlango wa mbele akiwa na fimbo, bila kupiga hodi wala kula chakula, hata akisema kweli husikika kama mtoza kodi.

Na yapo makosa ya njia hii ambayo lazima yasemwe. Kijiji cha Kitamil kilipokuwa biashara, kiligeuka sare: mzee mwenye masharubu, mahakama chini ya mti, heshima ya ukoo, panga. Nyuma ya heshima hiyo ilikuwa imekaa tabaka, na filamu nyingi zilizofuata zilitukuza jamii za wenye ardhi huku watu wa tabaka la chini wakipita nyuma ya picha na ndoo. Bharathiraja aliligusa tabaka mwaka 1987 katika "Vedham Pudhithu", lakini haikutosha. Majibu makali yalikuja kizazi kingine, kwa waongozaji kama Mari Selvaraj, ambaye "Pariyerum Perumal" ya 2018 inakitazama kijiji hichohicho kwa jicho la kijana wa Kidalit anayedhalilishwa. Wengine huchukua hili kama ushahidi kwamba sinema ya kijiji ni mtego wa kutamani zamani. Mimi naliona linasema kinyume. Mari Selvaraj aliweza kubishana kwa sababu palikuwa na kijiji kwenye kitambaa cha kubishania, chenye nyuso, mipaka na uonevu unaotambulika. Filamu ya minyoo ya safura huwezi kuijibu kwa filamu. Ukibishana nayo unabishana na choo.

Wala tusidhani kwamba kamera ya namna hiyo, isiyoshika chaki, haikuwahi kuwapo kwetu. Mwaka 1992 Flora M'mbugu-Schelling alitengeneza "These Hands", filamu ya dakika 45 kuhusu wanawake, wengi wakimbizi kutoka Msumbiji, wanaoponda mawe kwa nyundo nje ya Dar es Salaam ili kuuza kokoto. Hakuna sauti ya msimulizi inayoeleza umaskini ni nini. Nyundo inapiga, mtoto analia, mwanamke anaimba, debe linajaa polepole. Mtazamaji aliyezoea kuambiwa anahangaika kwenye kiti, kisha anaanza kuona: namna kidole kinavyoondolewa kabla nyundo haijafika, namna kokoto zinavyopimwa bila neno. Si filamu ya kijiji, na ni ya kumbukumbu wala si ya kubuni, lakini ndani yake kamera ya Kitanzania imekaa chini kwenye vumbi, kimo kimoja na inaowatazama. Ajabu ni kwamba haikupata wafuasi wengi, labda kwa sababu haikuwa na kipengele cha kuripoti.

Wizara inayosimamia sanaa sasa iko hapa Mtumba, ng'ambo ya lami kutoka kwa yule bibi. Ofisa anaweza kumwona dirishani akipita. Kama siku moja itatoka filamu inayomhusu, sitarajii imwonyeshe akipokea hati ya kiwanja na kutabasamu. Huenda aligawa ardhi vibaya, akampa mtoto wa mwisho kwa kuwa ndiye anayemletea tumbaku. Huenda kuna mtumishi aliyepanga chumba kwake, mwenye maneno mazuri kama yule daktari wa mifugo, na mjukuu wa kike anayesikiliza sana.

Filamu ya Mayil inaanza na kuishia kituo cha reli. Chappani yuko gerezani, na msichana amekaa akisubiri treni itakayomrudisha, haijulikani lini. Kamera inamtazama anavyotazama njia. Haimwambii arudi nyumbani, haimwambii asubiri. Hapa kwetu reli ya zamani ipo tangu Wajerumani, na ile mpya ya umeme inapita pande za Ihumwa kwa kasi ambayo ng'ombe hawajaizoea. Treni inafika, watu wanashuka na mabegi yao, na pembeni kila mara yupo mtu aliyekuja kumpokea ambaye hakushuka.